Kitengo cha wanafunzi wasioona katika shule moja ya bweni mjini Tabora: maoni ya mzazi baada ya miaka mitatu

Binti yangu aliacha kuona akiwa na umri wa miaka minane. Presha ya macho iligunduliwa ikiwa imekwisha kuharibu kila kilichoweza kuokolewa, na baada ya mwaka mmoja wa kukaa naye nyumbani Urambo tulimpeleka katika shule ya msingi ya serikali iliyomo ndani ya Manispaa ya Tabora, yenye mabweni na kitengo cha wanafunzi wasioona na wenye uoni hafifu. Huu ni mwaka wake wa tatu pale. Sitaitaja shule kwa jina, kwa kuwa baadhi ya nitakayoyaeleza ni lawama, na waliohusika ni watu ninaoheshimiana nao hadi leo. Naandika kwa ajili ya wazazi wa Urambo, Kaliua, Sikonge na hata wa ng'ambo ya Uvinza, Kigoma, ambao wakisikia habari za binti yangu huniuliza swali moja tu: je, nimpeleke mwanangu? Nawajibu wampeleke, ila wakifika waulize mapema ni nani, mbali na mwalimu wa kitengo, anayeweza kusoma barua iliyoandikwa na mtoto wao.

Mkoa wetu si mgeni katika kazi hii. Shule ya kwanza ya viziwi nchini ilianzishwa hapa Tabora na Kanisa Katoliki mwaka 1963, miaka 13 baada ya Kanisa la Anglikana kufungua shule ya wasioona huko Buigiri, Dodoma, mwaka 1950; na Shule ya Furaha ya hapa hapa mjini imesomesha wasioona wengi. Shule ninayoizungumzia si mojawapo ya hizo. Ni shule ya kawaida yenye mamia ya watoto wanaoona na 18 wa kitengo, ambao hujifunza kwanza nukta nundu, yaani maandishi ya nukta zilizotokeza yanayosomwa kwa vidole, katika darasa lao, kisha wakachanganywa na wenzao katika madarasa mengine.

Ada hakuna, na chakula cha bweni hatukuchangia. Tulitakiwa kuleta godoro, shuka, blanketi, ndoo mbili, sabuni, mafuta ya kujipaka na sare, na nauli ni juu yetu. Chakula ni ugali na maharage kwa siku nyingi na wali siku ya Jumapili. Binti yangu hajakilalamikia, nami sina la kuongeza. Matroni wa bweni la wasichana ni mtu wa kushukuriwa. Siku ya kwanza alimshika binti yangu mkono, akatembea naye kutoka kitandani hadi bombani, kutoka bombani hadi chooni na kurudi kitandani, mara tatu, akimhesabisha hatua, halafu akamwachia aende peke yake huku yeye akimfuata nyuma bila kusema neno. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilipomwona mwanangu akigusa nguzo ya kitanda chake na kukaa, ndipo nilipopata nguvu ya kuaga.

Katika kufundisha kusoma na kuandika, kitengo hiki kinafanya kazi nzuri kuliko nilivyotarajia. Nukta nundu zina msingi wa nukta sita, zilizopangwa tatu tatu katika safu mbili zilizosimama, na kwa kuchagua zipi zitokeze na zipi zisitokeze unapata mipangilio 63 inayobeba herufi, alama na hata tarakimu, ambazo ni herufi zile zile zikitanguliwa na alama ya namba. Watoto huanza na kibao chenye vitundu na kalamu yenye ncha kama msumari. Hapo mwandishi hudunga karatasi kutoka kulia kwenda kushoto, kila herufi ikiwa imegeuzwa, ili karatasi ikipinduliwa nukta zisomeke kutoka kushoto kwenda kulia. Nilijaribu mwenyewe siku ya wazazi, nikashindwa kuandika hata jina langu, huku mtoto wa darasa la pili kando yangu akijaza mstari mzima. Baadaye huhamia kwenye mashine ya Perkins, ambayo ina uzito unaokaribia kilo tano na vitufe sita vya nukta pamoja na kimoja cha kuacha nafasi, na ambayo huandika bila haja ya kugeuza chochote. Tulipofika, mashine zilikuwa tano, na mbili kati yake vitufe vyake vilikwama. Ndani ya muhula mmoja binti yangu alikuwa akisoma sentensi fupi kwa vidole, na mwisho wa mwaka alikuwa akisoma kitabu.

Shida ilianza mwaka wa pili, alipochanganywa na wanaoona. Mwalimu wa Hisabati, kijana mwenye bidii, alikuwa na mazoea ya kufundisha kwa kidole. "Hii ukiitoa hapa, ukaileta huku, inabaki ngapi?" Darasa likaitikia kwa pamoja. Binti yangu akanyoosha mkono, akauliza: "Mwalimu, hapa ni wapi?" Darasa zima likacheka. Kwa jinsi alivyonisimulia, mwalimu naye alicheka kidogo, kisha akanyamaza muda mrefu kiasi kwamba watoto nao wakanyamaza. Kesho yake aliingia darasani akisema kila anachokiandika: "Naandika 32, chini yake naandika 14, natoa, naanza na mamoja." Mtoto anayekaa naye dawati moja, ambaye macho yake ni mazima, alinieleza kwamba tangu siku ile na yeye anafuata vizuri zaidi, kwa sababu ubao umechakaa na kutoka nyuma nusu ya maandishi hayaonekani. Kiswahili kina maneno mengi ya kuonyesha, hapa, pale, huyu, yule, hivi, na mwalimu anaweza kufundisha kipindi kizima kwa maneno hayo bila kugundua kwamba kuna mtoto ambaye hajapata chochote.

Muda wa mitihani nao ulihitaji mtu wa kuuliza. Katika mitihani ya kitaifa, Baraza la Mitihani la Tanzania limekuwa likielekeza kwamba watahiniwa wenye mahitaji maalumu waongezewe dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine, na wenye uoni hafifu wapewe karatasi za maandishi yaliyokuzwa. Katika majaribio ya ndani ya shule jambo hilo halikuwepo kabisa. Watoto wa kitengo walikuwa wakikusanyiwa karatasi pamoja na wengine, wakapata alama za chini, na alama hizo zikaandikwa kwenye ripoti bila maelezo yoyote. Mzazi asiyejua angeamini kwamba mtoto wake hana akili. Nilipolisema katika kikao cha wazazi lilirekebishwa wiki ile ile, na hilo linanifanya niamini kwamba halikuwa suala la roho mbaya, halikuwahi kufikiriwa.

Nije sasa kwenye sanduku la maoni, ambalo ndilo lililonifanya niandike haya yote. Nje ya ofisi ya mwalimu mkuu kuna sanduku la mbao lenye rangi ya bluu, lenye kufuli, limeandikwa TOA MAONI YAKO HAPA. Kila Jumatatu mstarini wanafunzi hukumbushwa kwamba wanaweza kuandika lolote bila kutaja jina.

Kero ya watoto wa kitengo ilikuwa ufunguo. Mashine, karatasi ngumu na vitabu vichache vya nukta nundu hufungiwa stoo, na stoo ilikuwa ikifungwa saa kumi na nusu jioni, wakati mwalimu wa kitengo anapoondoka. Saa moja usiku wanaoona walikwenda prepo na madaftari yao. Wasioona ama walibaki bwenini wakipiga hadithi, ama walikwenda nao wakakaa mikono mitupu hadi saa tatu. Miezi ilipita bila mtu mzima yeyote kuona kasoro, kwa sababu lilikuwa limeshakuwa utaratibu, na utaratibu ukizoeleka hakuna anayeuliza uliwekwa kwa faida ya nani.

Binti yangu na wenzake wawili wakaandika barua. Waliiandika mchana kwa zamu, mmoja akipiga mashine na wengine wakimtajia maneno, kisha wakaiviringisha badala ya kuikunja ili nukta zisilale, wakaitumbukiza sandukuni. Wiki mbili zikapita, halafu mwezi. Sanduku lilipofunguliwa, walimu walisoma karatasi zote isipokuwa hiyo, kwa kuwa hakuna kati yao aliyejua kuisoma, nao wakafanya ambalo wengi wetu tungelifanya kwa nia njema: waliipeleka kwa mwalimu wa kitengo ili aitafsiri. Mwalimu wa kitengo ndiye mwenye ufunguo wa stoo. Yeye ndiye aliyelalamikiwa. Tena, kwa kuwa katika shule nzima wanaoandika nukta nundu ni watoto 18, na wanaoziandika kwa ufasaha hawafiki sita, barua ile isiyo na jina ilikuwa na majina tayari kabla hajaigusa.

Napenda kumtendea haki mwalimu huyo. Hakumwadhibu mtoto yeyote wala hakumtisha. Aliiweka barua kwenye droo na kukaa kimya. Nilipokutana naye aliniambia kwa sauti ya chini: "Mama, mashine hizi nimezisainia mimi. Ikipotea moja, nitakayekatwa mshahara ni mimi." Ni hofu ya kweli na sikumbishia. Nilimwambia tu kwamba watoto hawakuomba kuondoka na mashine. Waliomba chumba kiwe wazi usiku kwa muda wa saa mbili, mashine zikiwa mahali pale pale, mtu mzima akiwepo. Hayo yalikuwamo katika barua, mstari wa tatu. Mwalimu mkuu hakuwa ameyasikia.

Niliyajua haya yote likizo ya Juni, binti yangu aliponieleza akiwa anachambua maharage, kama jambo lililokwisha pita. Shule ilipofunguliwa Julai niliongozana naye hadi ofisini. Mwalimu mkuu alipata fadhaa ya wazi, akaagiza barua iletwe, akamwomba mwalimu wa kitengo aisome kwa sauti. Hapo binti yangu, aliyekuwa amesimama pembeni yangu na begi lake mgongoni, akasema: "Samahani, mwalimu. Naomba niisome mwenyewe." Akaiweka mezani, akainyoosha kwa kiganja, akapitisha vidole. Nukta za pembeni zilikuwa zimelala kwa kukandamizwa na madaftari ndani ya droo, na kuna maneno ilimbidi ayarudie mara mbili, lakini aliisoma yote, mistari 11. Alipofika mwisho aliongeza jambo ambalo halikuwa limeandikwa: kwamba waliitia sandukuni kwa sababu walidhani sanduku ni la wote.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Ibara ya 7 ya mkataba huo inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya kutoa maoni yake kwa uhuru katika mambo yanayomhusu, maoni hayo yapewe uzito kulingana na umri na upevu wake, naye apewe msaada unaolingana na ulemavu na umri wake ili haki hiyo itekelezeke. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inampa kila mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa. Ningetamani kila mwalimu mkuu akisome kile kipengele cha msaada mara mbili, maana ndicho kilichokosekana katika habari yetu. Ruhusa ilikuwepo, sanduku lilikuwepo, barua nayo iliandikwa. Msomaji ndiye hakuwepo.

Tangu Agosti stoo hufunguliwa saa moja hadi saa tatu usiku chini ya matroni na mwalimu wa zamu, na mashine huhesabiwa zinapotoka na zinaporudi. Hakuna iliyopotea. Walimu wawili wa madarasa ya kawaida, mmoja wao yule wa Hisabati, wamekuwa wakijifunza nukta nundu Jumamosi asubuhi, wakifundishwa na watoto wenyewe. Wanasoma kwa macho, na binti yangu anasema mwalimu wa Hisabati bado huchanganya e na i, kwa kuwa kila moja ni nukta mbili na moja ni kinyume cha nyingine kama taswira ya kwenye kioo. Mwakilishi wa kitengo katika baraza la wanafunzi, ambaye zamani aliteuliwa na mwalimu, mwaka huu alichaguliwa na watoto 18 kwa kura. Ninalolisikitikia bado ni kwamba barua ya nukta nundu haiwezi kuwa ya siri katika shule yenye waandishi wachache namna hii. Mtoto mwenye jambo zito zaidi ya ufunguo, jambo la kuguswa mwili kwa mfano, anahitaji mtu wa kumwendea, si karatasi. Kwa wasichana mtu huyo ni matroni. Kwa wavulana sijaona bado ni nani.

Kuhusu jinsi watoto wanavyoitwa, mlinzi wa getini alinielekeza mara ya kwanza "kule kwa vipofu", bila dharau yoyote sautini. Kipofu, kiziwi, kiwete na kilema ni majina yaliyoingia katika ngeli moja na kiti na kikombe, na wapo wanaoona kwamba ngeli hiyo inamshusha mtu. Lakini inafaa kuwauliza wenyewe kabla ya kuwasahihisha wengine, kwani viziwi wa nchi hii chama chao wamekiita Chama cha Viziwi Tanzania na neno hilo wanalitumia bila haya. Mwalimu wa Kiswahili aliwauliza watoto wa kitengo. Wengi walichagua wasioona, isipokuwa mvulana mmoja aliyesema yeye ni kipofu, baba yake humwita hivyo kwa upendo, naye hataki abadilishiwe. Wakamwacha.

Wageni huja na sabuni, sukari na katoni za juisi, hasa karibu na sikukuu. Msaada unahitajika, nami nawashukuru watoaji kwa moyo wote. Hata hivyo watoto hupangwa mstari, huimba na hupigwa picha, huku wageni wakimuuliza mwalimu, mbele ya watoto wenyewe: "Huyu alizaliwa hivi hivi?" Na hapakosi mmoja wa kuvuta pumzi na kusema hujafa hujaumbika. Anayeisema methali hiyo ana huruma, silikatai hilo, lakini mtoto wa miaka 11 anayeisikia juu ya kichwa chake kila baada ya wiki chache anaelewa kwamba yeye ndiye mfano unaotolewa. Baraza la wanafunzi liliomba mwaka huu kwamba wageni wajitambulishe kwa watoto kwa majina, na kwamba picha isipigwe kabla watoto hawajaambiwa na kukubali. Uongozi ulikubali bila ubishi.

Majengo ndiyo yanayonitia uchungu. Mwaka jana ulichimbwa msingi wa darasa jipya ukakata njia ya kutoka bwenini kwenda jikoni, njia ambayo watoto hawa wanaijua kwa hesabu ya hatua. Hakuna aliyewaambia. Fundi alifunga utepe mwekundu na mweupe kuzunguka shimo, akaona ametimiza wajibu wake. Mvulana wa darasa la tano aliangukia humo akiwa na sahani yake mkononi, akashonwa kidevu. Utepe wa rangi kwa mtoto asiyeona! Ingetosha kusema mstarini asubuhi, au kuweka benchi likakinga njia. Mabafu ya wasichana nayo hayana vishikio, na sakafu yake huteleza.

Kama ni kutoa alama kati ya tano, natoa nne kwa ufundishaji na malezi, mbili kwa majengo, na kwa kusikiliza watoto ningetoa moja mwaka jana na tatu mwaka huu. Mzazi anayejiandaa kumleta mtoto aanze mapema kukusanya kalenda za ukutani zilizopitwa na mwaka, kwa majirani, madukani na kwenye ofisi za vyama vya msingi vya tumbaku, kwa kuwa karatasi yake ngumu hushika nukta vizuri na ile ya kununua ni adimu. Aende mwenyewe siku ya wazazi, asitume mtu. Aombe kuona chumba cha mashine saa moja usiku, si saa nne asubuhi.

Na ajifunze nukta nundu. Kwangu ilichukua miezi minne, kwa kibao nilichoazimwa na kitengo, mezani baada ya chakula cha usiku. Barua ya kwanza niliyomwandikia binti yangu ilikuwa ya nusu ukurasa na ilinichukua jioni mbili, nami niliituma kwa basi la asubuhi ikiwa imeviringishwa ndani ya kanga. Ilikuwa barua ya kwanza kutoka nyumbani, tangu aende shule, ambayo aliisoma bila mtu mwingine kumsomea.